Jangwa, vijiji vya udongo na mawimbi ya Atlantiki: safari ya siku 12 kusini mwa Moroko

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mombasa. Mwezi wa Desemba, shule zikishafungwa, mimi, mke wangu na kijana wetu wa miaka 20 tutakwenda Moroko kwa siku 12. Mke wangu anataka kuviona vijiji vya kale vya udongo, mimi ninalitamani jangwa tangu utotoni, na kijana hana jingine ila kujifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Wakala tuliyemwuliza ametupangia Marrakech, Merzouga, Fes, Chefchaouen, Essaouira na Agadir. Je, ratiba hiyo inawezekana, na tunaweza kusafiri kwa mabasi ya kawaida?

Jibu: Mwalimu, siku 12 zinatosha kuliona jangwa, kuvikaa vijiji na kuifikia bahari, lakini hazitoshi kwa ratiba mliyopewa. Kutoka Marrakech hadi Merzouga ni kilomita zipatazo 560, nyingi zikiwa za milimani, na gari huchukua saa tisa au kumi. Kutoka huko hadi Fes ni siku nyingine nzima, Chefchaouen iko mbali zaidi upande wa kaskazini katika milima ya Rif, na kisha mtatakiwa kushuka tena nchi nzima hadi Agadir, kusini-magharibi. Mkiifuata ratiba hiyo mtakuwa mmeiona Moroko kupitia kioo cha gari. Ushauri wangu ni kuuacha kabisa upande wa kaskazini kwa safari hii, kuchagua jangwa moja na pwani moja, na kulichagua lile jangwa ambalo njia yake ya kutokea inaelekea baharini, ili msilazimike kurudi kwa barabara mliyoendea.

Sababu yake iko katika umbile la nchi. Milima ya Atlas ya Juu imelala kutoka pwani ya Atlantiki kuelekea kaskazini-mashariki, na ndiyo inayoyazuia mawingu ya bahari yasivuke. Mvua na theluji huangukia huko juu, na nyuma yake nchi inakauka hadi Sahara. Theluji ikiyeyuka, maji huteremka upande wa kusini kwa mito michache, na kila penye maji hayo pamestawi mitende, na kando ya mitende hiyo watu wamejenga vijiji. Kwa hiyo matakwa ya mke wako na yako si mawili: vijiji hivyo vilizaliwa na jangwa, vikaishi kwa misafara iliyolivuka. Upande wa magharibi, kati ya Atlas ya Juu na milima mikongwe zaidi ya Anti-Atlas, kuna bonde pana la Souss ambalo limefunguka moja kwa moja hadi Atlantiki. Njia inayofaa familia yenu ni kuivuka Atlas kutoka Marrakech, kuufuata mto Draa hadi mchangani, kugeuka magharibi, na kutokea baharini kupitia Souss.

Marrakech ipeni usiku mbili za mwanzo, basi. Siku ya tatu ondokeni asubuhi mapema kuelekea Ouarzazate kwa barabara inayopita Tizi n'Tichka, mahali penye urefu wa mita 2,260 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni kilomita 200 tu, lakini kona ni nyingi, nanyi hesabuni saa nne au zaidi. Desemba ni majira ya theluji huko juu, na siku nyingine barabara hufungwa kwa saa kadhaa hadi isafishwe. Ndiyo maana ninasisitiza asubuhi, kwani ukikwama saa nne ya mchana unasubiri na kupita, lakini ukikwama jua likizama unalala njiani. Mabasi ya CTM na ya Supratours, ambayo ni tanzu ya shirika la reli, hupita njia hii kila siku na ni ya kutegemewa. Tiketi zikatwe siku moja au mbili kabla, maana mwishoni mwa Desemba wasafiri ni wengi.

Laleni Aït Ben Haddou, kilomita 30 hivi kabla ya Ouarzazate. Wageni walio wengi hufika hapo mchana kwa mabasi ya watalii, hupanda juu, hupiga picha na kuondoka. Anayelala hupewa kijiji chote alfajiri, wakati jua linapogonga minara na udongo ukabadilika rangi kutoka kijivu hadi nyekundu ya kutu. Hiki ni ksar, yaani kijiji kizima kilichozungushiwa ukuta mmoja, chenye nyumba zilizoegemeana mlimani, msikiti, uwanja wa watu wote na ghala la nafaka kileleni. UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Majengo yaliyosimama leo hayaonekani kuwa ya kabla ya karne ya 17, ingawa mbinu yenyewe ya ujenzi ni ya zamani zaidi katika mabonde haya. Wakazi karibu wote wamehamia ng'ambo ya mto, wakabaki wachache ndani.

Mwambie mke wako aziangalie kuta kwa makini, hasa ikiwa amezoea nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa zenye mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Hapa msingi ni wa mawe ya mtoni. Juu yake fundi husimamisha mbao mbili sambamba, hujaza kati yake udongo wenye unyevu kidogo na kuushindilia kwa mchi mzito hadi ukawa mgumu, kisha mbao husogezwa na kazi huanza tena. Yale matundu mnayoyaona yamepangana ukutani ni nafasi za miti iliyoshikilia mbao hizo. Minara ya juu, yenye nakshi, hujengwa kwa matofali mabichi yaliyokaushwa juani, na dari ni magogo ya mitende, matete na udongo. Ukuta mnene namna hiyo hupoza nyumba mchana na kuipasha joto usiku. Adui yake ni maji: dari isipokandikwa upya baada ya mvua, maji hupenya, ukuta hulika kutoka juu, na nyumba iliyoachwa bila mtu hurudi kuwa kilima cha udongo katika muda mfupi wa kusikitisha. Ninayaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanabadilisha macho ya mgeni. Magofu mtakayoyapita njia nzima hayakubomolewa na vita. Mengi yameachwa na wenyewe waliokwenda mijini au kujenga nyumba za saruji hatua chache pembeni, na kila nyumba nzuri mnayoiona imesimama kwa kuwa yuko mtu anayeikandika.

Tetemeko la ardhi la tarehe 8 Septemba 2023, lenye ukubwa wa 6.8, liliua watu karibu 3,000, wengi wao katika vijiji vya Atlas ya Juu kusini mwa Marrakech. Barabara iliyoumia zaidi ni ile ya magharibi, inayopita Tizi n'Test, ambako msikiti wa Tinmel wa karne ya 12 uliporomoka kwa sehemu kubwa. Njia ninayowashauri haipiti huko. Hata hivyo, popote mtakapoona watu wakiishi katika makazi ya muda au wakijenga upya, kamera ibaki mkobani mpaka mwenyewe aruhusu.

Kutoka Ouarzazate barabara hupanda mlima mkavu kisha huteremkia Agdz, na hapo bonde la Draa hufunguka mbele yenu: utepe wa mitende uliofuata mto, na vijiji vya udongo vikiwa vimepangana ukingoni hadi Zagora na kwendelea. Kwangu mimi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika nchi hiyo, na ningefurahi mkiipunguza kasi safari hapa badala ya kukimbilia mchanga. Tamnougalt, karibu na Agdz, ina vichochoro vilivyoezekwa ambamo mchana unageuka giza, na nyumba kubwa za ngome zenye minara minne. Tembeeni chini ya mitende pamoja na mtu wa kijiji: mtaona tabaka tatu za kilimo, mitende juu, makomamanga na lozi katikati, ngano na majani ya mifugo chini, na mifereji midogo ambayo kila familia ina zamu yake ya maji. Tangu mwaka 1972 mto umezuiwa kwa bwawa la El Mansour Eddahbi pale Ouarzazate na maji hufunguliwa kwa vipindi, kwa hiyo msishangae mkikuta mto mrefu kuliko yote nchini ni mkondo mwembamba au kokoto tupu.

Laleni Zagora. Kesho yake, mkiwa njiani kuelekea M'Hamid, simameni Tamegroute, kilomita 20 hivi kusini. Kuna zawiya, yaani kituo cha Masufi, ya tarika ya Nasiriyya na maktaba ya miswada ya kale, misahafu na vitabu vya fikihi, hesabu, tiba na nyota, mingine ikiwa imeandikwa juu ya ngozi ya swala. Mtu aliyekulia pwani yetu, ambako miswada ya tenzi na ya dini imehifadhiwa majumbani kwa vizazi, hahitaji kuelezwa thamani yake. Jirani na hapo wafinyanzi wanachoma vyombo vya rangi ya kijani katika tanuri za udongo.

Kwa kuwa hukuuliza lakini nadhani mtataka kujua: misikiti ya Moroko kwa kawaida haiingiwi na wasio Waislamu, isipokuwa michache kama ule wa Hassan wa Pili wa Casablanca, ila kwenu, mkiwa Waislamu, mlango uko wazi. Wenyeji hufuata madhehebu ya Maliki, na wengi husimama katika sala mikono ikiwa imeteremka ubavuni. Kisomo cha Kurani ni cha Warsh, moja ya namna zilizopokewa za kuisoma, nanyi mliozoea cha Hafs mtazisikia tofauti hizo tangu Fatiha. Baada ya Magharibi kaeni msikitini kidogo, kwani husoma kwa pamoja kwa sauti moja, na ni jambo la kusikilizwa. Uhusiano wa pande hizi mbili si wa leo. Ibn Battuta, aliyezaliwa Tangier mwaka 1304, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akawasifu watu wa Mombasa kwa uchaji Mungu, akaandika kwamba wao ni Mashafi na kwamba misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Miaka ishirini na moja baadaye aliondoka Sijilmasa, mji wa misafara ambao magofu yake yapo Rissani, akavuka Sahara kwenda Mali.

Sasa jangwa. Wakala wenu amewapangia Merzouga kwa sababu inaeleweka: barabara ya lami inafika hadi mguuni pa matuta ya Erg Chebbi, ambayo yanainuka mita 150 hivi, na hoteli zimejipanga hapo. Ni mahali pazuri, na anayetoka Fes hana sababu ya kwenda kwingine. Ila kwa safari yenu nachagua Erg Chegaga, kilomita zisizopungua 50 kutoka M'Hamid, mahali lami inapokoma. Hakuna barabara, mtakwenda kwa gari la kuendesha magurudumu yote manne, lenye dereva wa huko, kwa muda wa saa mbili au zaidi, juu ya kokoto na mchanga. Matuta ni mengi na yametanda, kambi ziko mbalimbali, na usiku hakuna taa ya mji inayoyafifisha nyota. Jambo muhimu kuliko yote ni kwamba dereva yuleyule anaweza kuwatoa upande wa pili, kupitia tambarare la Iriqui, hadi Foum Zguid, ambako lami huanza tena kuelekea magharibi. Merzouga haina njia ya kutokea namna hiyo.

Kuhusu baridi, naomba mnisikilize vizuri, maana mtu wa Mombasa huwa hanisadiki. Mchana wa Desemba jangwani ni mzuri, jua kali kiasi, lakini likizama joto hushuka haraka, na kabla ya alfajiri huweza kukaribia nyuzi sifuri. Chukueni sweta nzito, kofia ya sufu, soksi mbili na koti linalozuia upepo. Mablanketi ya kambini yapo, ila hayatoshi kwa aliyevaa fulana. Ulizeni mapema kama hema lina joto, kisha msitegemee jibu la ndiyo.

Tahadhari nyingine ni ya maji, tena jangwani. Mvua ikinyesha milimani, mabonde makavu ya mito hujaa ghafla, hata pale mlipo kukiwa hakuna wingu. Septemba 2024 mafuriko yaliua watu kusini mwa Moroko, hasa mkoa wa Tata, na ziwa la Iriqui, lililokuwa kavu kwa takribani miaka 50, lilijaa tena. Dereva akisema njia ya Iriqui haipitiki, mkubalini bila kubishana: rudini Zagora hadi Agdz, kisha mshike barabara ya lami ya Tazenakht. Mtapoteza nusu siku na hakuna zaidi.

Kwa swali lako la mabasi, basi jibu ni hili: kutoka Marrakech hadi M'Hamid yanatosha, na kutoka Taroudant hadi mwisho yanatosha pia pamoja na teksi kubwa za abiria wengi, ambazo huondoka zikijaa kama matatu zetu. Katikati, kutoka M'Hamid hadi Taroudant, kodini gari na dereva kwa siku mbili. Hapo ndipo fedha yenu itumike. Elewaneni bei kwa maandishi kabla ya kuondoka, mafuta na malazi ya dereva yakiwemo.

Siku hizo mbili si za kupita tu. Tazenakht ni soko la mazulia ya Waamazigh (Waberberi), ambayo wanawake wa vijiji vya jirani hufuma kwa sufu na rangi za manjano, nyekundu na nyeusi. Anayetaka zulia anunue huku kwenye ushirika wao, si Marrakech. Mlale Taliouine, penye zafarani ya Moroko. Maua yake huvunwa alfajiri kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Novemba, kwa hiyo mtakuta mashamba yamekwisha kuvunwa lakini zafarani mpya ipo sokoni. Nunueni nyuzi nzima, kamwe si unga, kwa maana unga huchanganywa. Taroudant, siku inayofuata, ina kuta nzuri za udongo zilizouzunguka mji mkongwe na soko ambalo bado ni la wenyeji. Saa tatu zinatosha. Kuanzia hapo mtaona miti ya argan, ambayo eneo lake UNESCO ililitambua kuwa hifadhi ya baiolojia mwaka 1998. Mbuzi huipanda kweli kufuata matunda, lakini mkiwaona wamepangwa vizuri juu ya mti ulio kando ya barabara kuu, huenda wamepandishwa ili mgeni alipie picha.

Bahari ipeni usiku nne, na mkae Taghazout au Tamraght, vijiji vya kaskazini mwa Agadir umbali usiozidi kilomita 20. Agadir wenyewe ni mji mpya, kwa kuwa tetemeko la tarehe 29 Februari 1960 liliuangamiza na kuua zaidi ya watu 12,000. Una ufuo mzuri, lakini mawimbi yanayotafutwa yako juu kidogo. Kuanzia Oktoba hadi Machi, dhoruba za Atlantiki ya kaskazini husukuma mawimbi marefu ambayo husafiri siku kadhaa hadi pwani hii, na rasi zake zilizochomoza huyafanya yazunguke na kuvunjika kwa mpangilio, kutoka mwambani kuelekea ufuoni, ndiyo sababu mtu anaweza kuteleza juu ya wimbi moja kwa muda mrefu.

Kijana wako amekulia mahali ambapo mwamba wa matumbawe huyaua mawimbi mbali, na maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Atakuta mambo mawili mapya. Kwanza, maji ya hapo yana nyuzi 17 au 18 wakati wa Desemba kwa sababu ya mkondo baridi wa Canary, na haiwezekani kukaa ndani yake bila suti ya mpira ya mwili mzima. Shule zote za mchezo huu hukodisha. Pili, Desemba ni majira ya mawimbi makubwa. Asikaribie Anchor Point, rasi maarufu iliyo juu ya Taghazout, ila kwa kusimama juu ya mawe na kuwatazama wajuzi; pale wimbi huvunjika kando ya miamba. Aanze kwenye fuo za mchanga za Tamraght au ghuba ya Taghazout, akiwa na mwalimu mwenye cheti na kundi dogo. Afundishwe siku ya kwanza namna ya kuutambua mkondo unaovuta kwenda nje, kwamba usishindane nao bali uogelee sambamba na ufuo hadi utoke, na kwamba aliye karibu zaidi na wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye haki nalo.

Akiwa ameshaweza kusimama kwenye ubao, siku ya tatu mpelekeni Imsouane, kilomita zipatazo 85 kaskazini mwa Agadir. Ghuba yake ina wimbi jepesi, refu la mamia ya mita, linalomsamehe mwanafunzi, na huwa bora maji yakiwa yamepwa. Kwa hiyo tazameni jedwali la maji kabla ya kuondoka, jambo ambalo kwenu, mnaojua bamvua na maji mafu, si geni. Imsouane ilibomolewa majengo mengi na serikali mapema mwaka 2024 kwa kuwa yalijengwa kwenye ardhi ya umma ya pwani, basi msitegemee picha na maelezo ya zamani kuhusu malazi. Nendeni asubuhi na kurudi jioni. Essaouira nimeiacha kwa makusudi: ni mji mzuri wenye kuta za karne ya 18, lakini upepo wake unawafaa wenye tanga kuliko wanaoanza ubao, na siku hazitoshi.

Siku ya 11 rudini Marrakech kwa basi. Barabara kuu kutoka Agadir, iliyofunguliwa mwaka 2010, huchukua saa tatu hivi. Msiiache safari hiyo hadi siku ya ndege. Viza ishughulikieni kabla ya kulipia tiketi, kupitia tovuti rasmi ya serikali ya Moroko au ubalozi wake. Dirham hazibadilishwi nje ya nchi, hivyo badilisheni mkifika, mwe na noti ndogo za kutosha kabla ya kuingia Draa, kwa sababu M'Hamid na Foum Zguid kadi haina kazi kwa wengi, na mtunze risiti za benki ili mrudishiwe fedha zilizobaki uwanja wa ndege.